Baragumu Nje ya Zamu

Firmino Gouveia aligawa maji ya bonde la Fajã do Loureiro kwa miaka thelathini na mmoja, na katika miaka yote hiyo hakumzidishia mtu dakika. Wala hakumpunguzia. Huku kaskazini mwa kisiwa cha Madeira milima ndiyo yenye maji, mashamba yamekaa chini yakingoja, kwa hiyo mababu walichonga mfereji ubavuni mwa jabali na kila shamba likapewa saa zake. Wewe Jumanne saa nne hadi saa saba, mwenzako saa saba hadi saa kumi, na mkishapata mnangoja wiki mbili. Kazi ya mgawa maji ni kutembea juu ya ukingo wa mfereji na jembe begani, kuzibua tundu la huyu na kuziba la yule, kisha kupuliza baragumu ili bonde zima lijue zamu imebadilika. Baragumu lenyewe ni kombe kubwa la baharini lililotobolewa ncha, na Firmino alilirithi kwa babaye.

Watu walimheshimu. Kumpenda lilikuwa jambo jingine. Kiangazi kimoja, zamani kidogo, marehemu Baltazar, mume wa Mama Vicência, alisinzia chini ya mzabibu wake na maji yakapita shambani mwake dakika kumi na moja zaidi. Jumapili yake, misa ilipokwisha, Firmino alisimama mlangoni mwa kanisa kama ilivyo desturi akamtaja jina mbele ya watu wote. Baltazar hakuwa mwizi, alikuwa mchovu tu. Lakini kwa miaka miwili hakukanyaga baa, na Firmino hakusema pole, ijapokuwa Vicência ndiye mama wa ubatizo wa binti yake wa pekee, Carina.

Huyo Carina ndiye aliyemponza.

Alikuwa amekodi nyumba ya kale iliyo juu ya kijiji, yenye kanisa dogo la ukoo na bustani ya maua ya buluu inayotazama bahari, akatangaza kwenye mtandao kwamba watu wa mbali wanaweza kuja kufungia ndoa hapo. Jozi mbili za wachumba walikuja kuitazama kwa nyakati tofauti, wakala mkate wake wa viazi vitamu, wakasifu bahari, kisha wote wakauliza swali lilelile. Katikati ya bustani kuna birika la mawe, na ndani yake samaki wa mawe aliyeachama. Mbona hatemi maji kama kwenye picha? Carina aliwajibu hivi na vile, nao wakaenda kufunga ndoa kwingine.

Jumapili moja ya Mei, baba na binti wakiwa jikoni wanamenya magimbi, Carina alianza kwa mbali.

"Baba, Jumanne saa tano wanakuja wachumba kutoka Uskoti."

"Waje."

"Wameipenda nyumba kwa sababu ya ile picha ya birika."

Firmino akaweka kisu chini. "Ile picha ulipiga siku ya mvua kubwa, mfereji ulipofurika."

"Ndiyo."

"Basi waambie waje siku ya mvua kubwa."

"Baba, mimi sifanyi mzaha."

"Hata mimi sifanyi. Nyumba ile haina maji. Wenyewe waliuza saa zao kabla hujazaliwa. Ni nyumba kavu."

Carina akamenya gimbi lote mpaka likabaki dogo kama yai. "Hawa nao wakienda, nafunga. Duarte ameshaniulizia kazi ya hoteli huko Jersey. Wananitaka mwezi ujao."

Duarte ni kaka yake. Alikwenda kisiwa cha Jersey kwa msimu mmoja tu, na msimu huo sasa una miaka tisa. Amerudi Krismasi mbili, mara ya pili akiwa na watoto wanaomwita Firmino kwa lugha asiyoijua. Mke wa Firmino yuko makaburini tangu kabla ya hapo. Akiondoka Carina, meza ile ya jikoni itabaki na kiti kimoja chenye mtu.

"Dakika arobaini tu, Baba."

"Za nani?"

Walijua wote wawili.

"Jumanne asubuhi ni zamu ya Mama Vicência," alisema Carina.

"Najua ni zamu ya nani. Mimi ndiye ninayeigawa."

"Siku hiyo anakwenda mjini Funchal kwa daktari wa macho. Magimbi yake yatakunywa yenyewe. Gimbi halihesabu dakika."

"Mimi nahesabu," alisema Firmino, akachukua kofia akatoka. Hakusema ndiyo. Lakini Carina anamjua baba yake: angekuwa anakataa, angebaki hapo abishane mpaka chakula kipoe.

Jumanne ukungu ulishuka mpaka mapaa ya nyumba, kisha ukapanda. Saa nne kamili Firmino alizibua tundu la Vicência, akapuliza baragumu, maji yakateremka kwenye magimbi kama kawaida. Basi la Funchal alilisikia likipanda kona ya kwanza. Asichokisikia ni mawe yaliyoporomoka kona ya tatu.

Saa tano kasoro dakika tano aliliziba lile tundu kwa jiwe na matambara. Kisha akang'oa majani yaliyojaa kwenye mfereji mdogo wa nyumba kavu, akaachia maji. Alijiona mpumbavu, mtu mzima anaiba kitu alichokilinda maisha yake yote. Kule chini samaki wa mawe alikohoa tope, akatapika jani, kisha akatema uzi safi wa maji. Carina alikuwa ndiyo kwanza anafungua geti. Msichana mwekundu wa nywele akapiga ukelele wa furaha akamshika mchumba wake mkono.

Basi Firmino naye akafurahi. Na akiwa katika kufurahi huko mkono ukaenda wenyewe kiunoni, ukachomoa baragumu, ukalipeleka mdomoni. Mazoea yana taabu. Kwa miaka thelathini na mmoja alikuwa akifungua maji na kupuliza, kufungua na kupuliza, na pumzi ilikwisha kumtoka kabla akili haijafika. Akapuliza vizuri, kwa kirefu, kama mtu asiye na hatia.

Akalishusha baragumu akalitazama. Bonde zima lilikuwa limenyamaza, hata mbwa. Maana baragumu likilia nje ya zamu lina tafsiri moja tu kwetu: mfereji umebomoka, njooni na majembe.

Siku za mwizi ni arobaini. Za Firmino hazikufika hata saa sita mchana.

Wa kwanza kufika alikuwa Olavo, jirani wa bonde la chini, mguu mmoja una buti na mwingine una soksi, jembe mkononi. Nyuma yake wakaja wengine saba wanahema. Njia ya mkato kwenda mferejini inapita katikati ya ile bustani, kwa hiyo walitokea hapohapo mbele ya wageni. Firmino alikuwa ameshuka mbio kuwazuia, na hakuwahi.

"Pamebomoka wapi, Mzee?" Olavo aliuliza.

"Hapajabomoka."

"Basi kafa nani?"

"Hakuna aliyekufa, Olavo. Bado."

Olavo akafuta jasho, akageuka, akamwona samaki. Alimtazama kwa muda. Watu wa bonde hili wanazijua zamu kama wanavyoyajua majina ya watoto wao, na wengine hata zaidi.

"Huyu samaki leo anakunywa maji ya nani?"

Carina alikuwa tayari ameanza kuwasemesha wageni kwa Kiingereza, haraka haraka, anatabasamu, mikono yake inaonyesha majembe, mlima, baragumu, birika. Msichana mwekundu, Kirsty jina lake, akapiga makofi. Mchumba wake, kijana mrefu aitwaye Alistair, akatoa simu akaanza kupiga picha. Akamwashiria Olavo ainue jembe juu zaidi. Olavo hajawahi kukataa picha tangu azaliwe. Alikuwa amekasirika kweli, lakini jembe aliliinua.

Hapo ndipo alipofika Mama Vicência. Alipanda ngazi za bustani polepole, amevaa viatu vya mjini, mkoba wa kwenda hospitali kwenye mkono mmoja na jembe kwenye mkono wa pili. Basi lilikuta mawe barabarani likageuza. Alimtazama samaki, akamtazama Firmino, kisha akasimama kando yake akawa anamsikiliza Carina. Vicência alitandika vitanda vya hoteli kule Jersey kwa miaka ishirini na miwili kabla ya kurudi. Kiingereza anakisikia kama anavyosikia kengele ya kanisa.

"Anasema nini?" Firmino alimuuliza kwa sauti ya chini.

"Anasema sisi ni kikundi cha kubariki maharusi. Kwamba wachumba wakija kijijini, mgawa maji hupuliza baragumu, na majirani huja na majembe kuwatakia watoto wengi. Anasema ni mila ya tangu mababu." Akabadilisha mkoba mkono. "Anadanganya vizuri, mtoto huyu. Mimi ndiye niliyemshika pale kwenye maji ya ubatizo. Sijui nilimshika vibaya wapi."

"Kosa ni langu, Vicência."

"Hilo sikuuliza. Nina macho mabovu, si upofu."

Kirsty akasogea akamuuliza Vicência jambo, kwa adabu, akiuonyesha ule uzi wa maji. Vicência akamjibu kwa Kiingereza chake cha Jersey, na jibu lilikuwa refu. Firmino hakuelewa hata neno. Alimtazama binti yake tu, na uso wa Carina ulikuwa umekwajuka. Njia ya mwongo ni fupi, aliwaza, na yetu imeishia hapa. Kisha msichana akacheka, akamkumbatia Vicência pamoja na mkoba na jembe lake.

"Umemwambia nini?"

"Ameniuliza maji haya ni ya nani. Nimemwambia ni yangu, na leo nimewaazima."

"Umewaazima tangu lini?" Olavo akadakia, jembe bado liko juu.

"Tangu nilipotaka. Maji ni yangu au ya bibi yako? Nenda kavae buti lako la pili."

Wanaume wakaondoka wananung'unika. Wengine walikuwa wanacheka. Kuazimana maji kunaruhusiwa, ila mgawa maji lazima aambiwe siku moja kabla. Na mgawa maji ni Firmino, kwa hiyo wa kuthibitisha kama aliambiwa au hakuambiwa alikuwa mtu mmoja tu.

"Sasa limekwisha," Vicência alimwambia. "Mimi nimesema nimewaazima. Wewe ukisema nilikuambia, nani atakuuliza?"

Hakulitaja jina la Baltazar. Firmino aliomba moyoni amtaje, amtukane, angalau apate cha kujibu. Vicência alijifunga kitambaa vizuri kichwani akaenda kutazama magimbi yake.

Maji aliyarudisha saa tano na dakika thelathini na tatu. Zilikuwa dakika thelathini na nane. Wageni walikula mkate wa viazi vitamu na siagi ya vitunguu saumu, wakatazama kanisa, wakatazama bahari, na kabla ya kuondoka walimwambia Carina kwamba hawatafuti tena mahali pengine. Carina alimrukia baba yake shingoni jinsi alivyokuwa akifanya utotoni. Firmino akampigapiga mgongoni. Kwa siku tano zilizofuata hakulala vizuri hata moja.

Jumapili, misa ilipokwisha, alisimama mlangoni mwa kanisa na daftari lake. Kwa kawaida alikuwa akisema, "Wiki hii hakuna," watu wakaenda baa. Safari hii alifungua daftari.

"Jumanne, saa tano kasoro tano. Dakika thelathini na nane. Zamu ya Vicência Mendonça. Aliyechukua ni Firmino Gouveia."

"Nilimwazima," Vicência alisema pale pale.

"Hukuniazima."

"Firmino, acha upumbavu."

"Baltazar zilikuwa kumi na moja, Vicência. Nilimsomea hapahapa."

Watu wakatazama viatu vyao. Macho yale mabovu ya Vicência yakajaa maji, akageuka upande wa ukuta. Firmino alichomoa baragumu kiunoni akaliweka juu ya ukuta wa kanisa. Iliuma, tusidanganyane. Ilimuuma kuliko alivyotazamia, na palepale alitaka kulichukua tena.

Carina alimfuata njiani. "Kwa nini, Baba? Yalikuwa yamekwisha!"

"Kwako yalikwisha."

"Umenifanya mimi nini mbele ya watu?"

"Wewe sijakutaja. Nimejitaja mimi."

"Ni hivyo hivyo!" alisema, akapita mbele, na kwa siku nne walikula bila kusemezana.

Baragumu lilikaa juu ya ukuta mpaka jioni kwa sababu hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuligusa. Mwishowe alilichukua Olavo. Alipita kwa Firmino kumwambia, kofia mkononi. "Nimelishika kwa muda tu, Mzee." Firmino akamwambia asilipulize kwa mashavu, alipulize kwa tumbo.

Siku ya tano Carina aliketi mezani na karatasi. "Wanataka Jumamosi ya Septemba. Tarehe kumi na mbili au kumi na tisa."

"Kumi na mbili."

"Kwa nini?"

"Ndiyo zamu yetu. Saa tisa hadi saa kumi na nusu."

Carina aliinua macho kutoka kwenye karatasi. Septemba mfereji huwa mwembamba, na kukosa zamu moja wakati huo ni kungoja wiki mbili nyingine juani. "Na viazi vyetu?"

"Vitavumilia. Vingine vitakufa. Waandikie kumi na mbili."

Wakaja watu hamsini. Olavo alipuliza baragumu saa tisa na dakika mbili. Firmino aliziona zile mbili kwenye saa yake akafunga mdomo. Samaki akatema. Lakini padri alizungumza sana na mama wa bwana harusi akalia sana, na maharusi walipotoka kanisani ilikuwa saa kumi na dakika ishirini. Wakapangwa mbele ya birika: kwanza wazee, halafu marafiki, halafu mpiga picha akakumbuka kuwaweka wenyewe wawili, mkono wa Kirsty ndani ya maji.

Firmino alikuwa amesimama juu kidogo, penye mfereji, amevaa suti ya mazishi ya mkewe kwa kuwa hana nyingine. Vicência alikuwa kando yake na kipande cha keki ya asali. Olavo akaja na jembe, akasimama penye tundu, akatazama saa, akatazama chini kule kwenye gauni jeupe.

"Mzee, niwape dakika kumi?"

"Zinazofuata ni za nani?"

"Za mjane wa Abreu. Yuko hapa hapa, anakunywa. Nani atajua?"

Kule chini Carina naye alikuwa ameona. Alikuwa anamtazama baba yake, na bila kusema kitu aliinua mikono yote miwili, vidole kumi vimesimama.

Firmino alimtazama mwanawe.

"Funga," alimwambia Olavo.

Olavo akasukuma jiwe, akaminya matambara. Uzi wa maji ukawa mwembamba, samaki akakohoa mara mbili, akabaki ameachama. Mpiga picha akashusha kamera. Bibi harusi akageuka akauliza jambo, na watu hamsini wakamtazama Carina wakingoja jibu. Carina alishusha vidole vyake. Akaanza kusema, si haraka kama ile siku, na mikono yake haikuonyesha kitu.

"Amesema nini?" Firmino aliuliza.

Vicência alitafuna kwanza, akameza. "Amesema maji yalikuwa ya baba yake. Saa moja na nusu, kila wiki mbili. Na kwamba baba yake hakumwagilia viazi ili samaki ateme. Sasa ni zamu ya mtu mwingine."

"Basi?"

"Basi. Hakuongeza neno."

Firmino akakohoa, akatazama saa yake kwa muda mrefu kuliko inavyohitajika kusoma saa. Kisha akamgeukia Olavo.

"Puliza basi. Unangoja nini?"